Neno la Kamba

Miaka tisa natoa fotokopi za pasipoti
kibandani, nyuma ya Nyayo House,
shilingi tano ukurasa.
Nyuso za watu hulala kifudifudi juu ya kioo,
mwanga wa kijani unazifagia, moja, moja.
Nimemwona mama aliyekuja na picha tu,
hana nambari, hana jina la wakala.
"Mwanangu yuko huko," alisema.
Huko wapi?
Akaonyesha dirisha.

Ndiyo maana, Bosibori, nilikuwa mkali.

Ulipoleta viza ya Doha ikinukia wino,
ukitaka tuchinje kuku,
nilikwambia kuku atangoja, lete mkataba.
Tukausoma pale Tasia, stima ikipotea na kurudi,
mstari kwa mstari,
hadi yale maandishi madogo kama mayai ya chawa.
Saa za kazi. Siku ya kupumzika. Nani anashika pasipoti.
Ukasema, "Dada, unasoma kama hakimu."
Hakimu, nikasema, husoma mambo yakishaharibika.

Nakala nne, sikukulipisha.
Moja ndani ya begi, moja kwenye simu yako,
moja kwangu, faili la bluu juu ya kabati.
Ya nne niliikunja hadi ikawa kama hirizi,
nikaishonea ndani ya pindo la sketi yako ya kijani
pamoja na nambari ya ubalozi na dola ishirini.
"Sasa mimi ni mto wa pamba?" ukacheka.
Cheka. Sindano ilikuwa inanichoma mimi.

Nambari yangu nilikukaririsha ukiosha vyombo,
ukisukwa, ukiwa na mswaki mdomoni.
Simu huibwa. Simu hunyang'anywa.
Kichwani hakuna anayeingiza mkono.
Usiku nikakuamsha: sifuri saba ngapi?
Ukazitaja zote, ukanitukana, ukalala.

Kisha neno.
Mambo yakiwa mabaya na mtu amesimama karibu,
usilie, usiombe msaada.
Uliza tu, kana kwamba ni umbea:
"Kamba ya nguo imekatika?"
Nami nitajua.

Uwanjani sikulia, nilikuwa nahesabu:
kadi ya manjano, chaja, dawa ya pumu, sweta.
Ulipunga mkono na mimi bado niko kwenye soksi.
Sasa ndege zikipita juu ya paa letu
sufuria hutetemeka rafuni,
nami hutaja nambari ya pasipoti yako,
herufi kwanza, halafu tarakimu,
kama sala niliyofunzwa na mashine.

Wiki ya kumi na moja, Jumanne, ukapiga.
Ukasema joto. Ukasema wali wa huko una zabibu.
Kisha, polepole:
"Dada, kamba ya nguo imekatika?"

Sikumbuki kusimama.
Faili kwapani, kiatu kimoja mguuni,
nilikuwa nimefika ngazi za ghorofa ya pili
nikinong'ona, uko peke yako, jibu ndiyo au la,
kidole kikipekua ukurasa wa ubalozi,
nawe ukashangaa:
"Kwani kuna nini? Mama Syombua ameniambia
zile shuka nilizokuachia zimeanguka matopeni."

Kamba ilikuwa imekatika kweli.
Jumapili. Mvua.

Nikaketi papo hapo kwenye saruji.
Nikakutukana kwa Kikisii, lile tusi la nyanya,
ukaanza kucheka, nami nikaanza,
tukacheka hadi bando likaisha,
wapangaji wakinipita na ndoo zao,
wakiuangalia mguu usio na kiatu.

Nimefunga kamba mpya, ya waya.
Faili limerudi juu ya kabati, ukingoni,
mahali mkono unafika bila kigoda.
Na tumechagua neno jingine.

Hilo siliandiki hapa.